Mkono wa Kwenye Skrini

Tangu utotoni aliitwa Chiriku, na kwa jina hilo hakuonewa. Alikuwa mtu wa kujaza kila kimya anachokikuta: mezani, kwenye foleni, hata kwenye simu pale mtu anapomwambia asubiri kidogo. Aliyempachika jina ni baba yake, mchora mabango, ambaye kwake yeye sentensi mbili mfululizo zilikuwa tayari hotuba. Ukubwani Chiriku akawa mtengenezaji wa programu za kompyuta, kazi ambayo nyumbani kwao waliielewa nusunusu. Mama akiulizwa binti yake anafanya nini mjini, alijibu, "Anabishana na mashine. Mara nyingi mashine ndiyo inashinda."

Mwaka mmoja baba alipata kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu nao ukafuata kwa kusitasita, lakini mkono wa kulia ukagoma. Na mkono wa kulia ndio uliokuwa mzee mwenyewe. Pita mitaa ya pale wanapoishi uangalie juu ya milango, kwenye duka la dawa, kwa kinyozi, kwa fundi viatu: herufi nene zilizosimama wima, na ile R yenye kamkia ambako mafundi wengine walijaribu kukaiga mpaka wakakata tamaa. Zote kazi ya mkono ule. Sasa ulilala pajani kwake kama mgeni aliyekuja bila kualikwa na hataki kuaga.

Mtaalamu wa viungo kwenye kituo cha mazoezi alisema mkono utarudi ukifanyishwa kazi kila siku, na usipofanyishwa utakakamaa, na ukishakakamaa ndiyo basi tena. Aliyasema hayo mbele ya mgonjwa, bila kumung'unya maneno. Shida ni kwamba yeye alikuwa mmoja, na mikono iliyogoma ilikuwa mingi. Hapo ndipo Chiriku alipojitwisha kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Alimwomba mtaalamu aweke mkono wake juu ya kitambaa cha bluu, afanye mazoezi yote mbele ya kamera: kukunja ngumi na kukunjua, kugeuza kiganja, kugusisha kidole gumba na vidole vyenzake kimoja kimoja. Kila zoezi akaligeuza kuwa picha inayocheza. Picha ya namna hiyo, kwa asiyejua, ni rundo la picha zilizotulia zilizopangwa foleni. Kila moja imepewa muda wake wa kukaa kwenye skrini kabla ya kumpisha mwenzake, na ya mwisho ikimaliza, programu inarudi kwenye ya kwanza. Mgonjwa anafungua programu nyumbani kwake, anabonyeza zoezi, mkono wa mtaalamu unatokea umejaa dirisha zima, naye anaufuata. Hakuna foleni, hakuna nauli.

Na ilifanya kazi. Kila asubuhi baada ya chai baba alikaa mbele ya kompyuta kuukuu ya pale sebuleni, akaufuata mkono wa kwenye skrini. Ngumi zake za mwanzo zilikuwa ngumi za jina tu. Baadaye akaanza kushika kijiko. Baadaye tena akashika brashi, ile nene ya kupakia ukuta, akavuta mstari mmoja juu ya gazeti la zamani. Mstari wenyewe ulikuwa umelewa, lakini mama alilibandika gazeti kwenye mlango wa kabati na kila aliyeingia alionyeshwa, atake asitake.

Kulikuwa na kasoro moja. Kompyuta ile ilikuwa nzito. Ukibonyeza zoezi, dirisha lote liliganda mpaka picha zote za kwenye rundo ziishe kuingia. Baba alidhani hajabonyeza sawasawa, akabonyeza tena, na tena, na kompyuta ikazidi kuduwaa. Chiriku aliliona hilo siku moja akiwa amesimama nyuma ya kiti, akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Programu yako kuganda mbele ya mteja ni jambo la kazini. Kuganda mbele ya baba mzazi ni fedheha.

Akakaa chini, akalifungua rundo. Alichokikuta kilimfurahisha: zaidi ya nusu ya picha zilikuwa zile zile. Ngumi imekunjwa, ngumi imekunjwa, ngumi imekunjwa. Mkono umekunjuka, mkono umekunjuka, mkono umekunjuka. Hakuna kinachotokea! Mashine ya watu inabebeshwa mzigo wa bure. Akaandika kipande cha programu cha kulinganisha kila picha na iliyoitangulia wakati wa kuzipakia. Zikifanana, inayofuata inatupwa. Tofauti ndogondogo, kama kivuli kilichotikisika kidogo, aliiamuru programu izihesabu si kitu. Alipojaribu, zoezi lilifunguka kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe. Alicheka peke yake.

Toleo hilo jipya kituo kingelipata baadaye, likishajaribiwa. Aliliweka kwanza kwa baba yake, kwa mapenzi, na akakaa hapo hapo kusubiri sifa.

"Unaionaje sasa, Baba?"

"Inafunguka haraka," baba akasema.

Ilikuwa kweli, na Chiriku akaichukua kama pongezi. Akaondoka akiwa na furaha zake.

Wiki kadhaa zikapita, kisha mama akapiga simu. Hakuanza na salamu, na mama hakuwa mtu wa kuruka salamu.

"Baba yako ameacha."

"Ameacha nini?"

"Zoezi. Njoo."

Jumamosi asubuhi Chiriku akaingia nyumbani kwao na mkoba wake wa kompyuta begani. Kompyuta ya sebuleni ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile kinachofunika vitu ambavyo havitumiki. Baba alikuwa kwenye kiti chake, anasoma gazeti kwa mkono wa kushoto. Na juu ya meza ndogo ya karibu na mlango kulikuwa na furushi la khaki lililofungwa kamba. Chiriku hakuhitaji kulifungua. Mashina ya brashi yalikuwa yamechungulia upande mmoja, yameoshwa, yamepangwa kwa urefu, kuanzia ile ya ukuta hadi ile nyembamba ya kuchorea mkia wa R. Pembeni yake kulikuwa na makopo ya rangi.

Alimwamkia baba, akaenda moja kwa moja jikoni.

"Zile brashi zinaenda wapi?"

"Anakuja kuzichukua yule fundi aliyekuwa akifanya kazi na baba yako zamani," mama akasema, anakatakata kitunguu kwa hasira. "Mwenye duka la mabango karibu na stendi. Baba yako amemwita mwenyewe. Anasema kitu kisichofanya kazi kinazeeka bure."

"Na wewe umenyamaza?"

"Mimi nimenyamaza? Nimesema mpaka koo limekauka. Mkono unarudi nyuma, mwanangu. Kijiko kimeanza kumponyoka tena. Alikuwa anakaa pale mbele ya kompyuta, jasho linamtoka, anahema, halafu anauficha mkono chini ya meza kana kwamba ameiba. Siku moja akainuka, akachukua kitambaa, akaifunika. Basi."

Chiriku alirudi sebuleni na maneno yake yote. Alimweleza baba habari za subira. Alimkumbusha mtaalamu alisema nini kuhusu mkono kukakamaa. Alimpa mfano wa mgonjwa fulani wa kituoni, akamwongezea wa pili, na alipokuwa anaanza wa tatu baba akaliteremsha gazeti.

"Ule mkono wa pale," akasema, akiionyesha kompyuta kwa kidevu, "mimi siuwezi."

"Mbona mwanzoni uliuweza?"

"Mwanzoni nilikuwa najidanganya."

Halafu akainuka kwa kuegemea mkono wa kiti, akaenda kukaa barazani.

Chiriku alibaki na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Saa yoyote huyo fundi angebisha hodi, na brashi zikishatoka mlangoni mzee hatazirudia, alimjua. Akakivuta kitambaa, akawasha kompyuta, akafungua zoezi la ngumi. Lilifunguka papo hapo, kama alivyolitengeneza. Mkono wa mtaalamu ukatokea juu ya kitambaa cha bluu, ukakunja ngumi, ukakunjua, ukakunja, ukakunjua. Ni nini hapo cha kumshinda mtu? Akaweka mkono wake mwenyewe mezani, akaanza kuufuata, huku anaendelea kuzungumza na mama kupitia mlango wa jikoni: habari za jirani wa ghorofani kwake, habari za bei ya vitunguu, habari za bosi wake anayependa vikao.

Kukunja, kukunjua. Kukunja, kukunjua. Alikuwa katikati ya habari za bosi aliposikia mkono unaanza kuwaka moto, kutoka kwenye kifundo kupanda hadi kiwiko. Akakaza roho, akaendelea. Mkono wa kwenye skrini haukuwa na habari naye. Ulikunja na kukunjua, haukungoja mtu, haukushusha pumzi. Vidole vya Chiriku vilianza kuchelewa; vilipokuwa vinakunja, vya kwenye skrini vilikuwa tayari vinakunjua. Naye alikuwa na mkono mzima, ambao haujawahi kuugua hata siku moja.

Akanyamaza.

Mama akachungulia kutoka jikoni, kisu mkononi. "Kuna nini? Mbona kimya?"

Chiriku alikuwa amefungua mkoba, ametoa kompyuta yake, anatafuta faili la asili, lile alilolirekodi kabla hajalipunguza. Akalicheza. Mkono ukakunja ngumi, ukatulia. Ukaendelea kutulia. Ukitazama vizuri, uliona mishipa ya kifundo imesimama, kivuli kinapanda na kushuka kidogo sana, kwa sababu mwenye mkono alikuwa anapumua. Kisha ukakunjua taratibu, ukalala juu ya kitambaa, ukatulia tena, na safari hii kila kitu ndani yake kilikuwa kimelegea.

Ndipo alipoikumbuka siku ya kurekodi. Mtaalamu alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini kila akikunja ngumi, na yeye Chiriku, nyuma ya kamera, alikuwa anagongagonga kalamu mezani akisubiri hesabu iishe aseme jambo lake.

Akampigia simu.

"Samahani kukusumbua Jumamosi. Kwenye zoezi la ngumi, ule muda mkono unapotulia, ni wa nini?"

Mtaalamu akacheka. "Hilo ndilo zoezi, dada. Kukunja na kukunjua ni kufika tu. Kazi yenyewe ni pale pa kushikilia, halafu pa kupumzika. Kwa nini?"

"Nimezitupa."

"Umetupa nini?"

"Picha za kutulia. Zilikuwa zinafanana, programu ilikuwa nzito, nikazitupa."

"Wagonjwa wangu wanatumia hiyo?"

"Hapana. Kituo bado kina ile ya zamani. Hii nilimpa baba tu."

"Basi unaongea na mimi ya nini?" mtaalamu akasema, si kwa ukali. "Nenda ukaongee na baba yako."

Lakini Chiriku hakwenda kwanza. Hakutaka kwenda mikono mitupu. Alikirudia kile kipande cha programu alichokuwa akijivunia, na kosa lilimkodolea macho. Kuzitupa picha zilizofanana hakukuwa na ubaya. Mashine haina haja ya kubeba kitu kile kile mara nyingi. Ila kila picha aliyoitupa ilikuwa na muda wake, na muda ule alipaswa kuuchukua na kuiongezea picha iliyobaki, ili ngumi ikae kwenye skrini kwa kadiri ilivyokaa kwa mtaalamu. Yeye alizitupa picha na muda wake pamoja. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba kilichomlaza baba yake chini kilikuwa mstari mmoja ambao yeye hakuuandika.

Alikuwa anauandika aliposikia sauti barazani.

"Hodi wenye nyumba! Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Karibu."

Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima sasa, ana mvi na kitambi cha heshima, lakini mbele ya mzee alikaa kwenye ncha ya kiti kama zamani. Chiriku alimsikia akikataa chai mara moja, akakubali mara ya pili. Alimsikia baba akisema, "Vitu vyako viko hapo mlangoni." Viti vikakwaruza sakafu. Fundi akaingia, akamsalimia Chiriku kwa aibu, aibu ya mtu anayechukua kitu cha msiba, akalinyanyua furushi na kulibana kwapani.

Chiriku aliyahamishia marekebisho kwenye kompyuta ya sebuleni, akabonyeza kitufe cha mwisho, akatoka barazani mbio.

"Baba, njoo kwanza."

"Nina mgeni."

"Mgeni naye aje."

Baba alimtazama. Mkono wake wa kulia, uliokuwa pajani, ukasogea chini ya shati. Chiriku aliuona ukisogea, na hotuba yote aliyokuwa ameiandaa njiani kutoka mezani hadi barazani ikamtoka kichwani.

"Si mkono wako, Baba," akasema. "Ni mimi. Nilikata sehemu ya kupumzika. Nilikuwekea mkono usiopumzika, na wewe ukawa unashindana nao. Hata mimi nimeshindwa sasa hivi, huu hapa mkono wangu unatetemeka. Nisamehe."

Baba akashika mkono wa kiti, akainuka, akaingia ndani polepole, akakaa mbele ya kompyuta aliyokuwa ameifunika kwa mkono wake. Kwa mkono wa kushoto akaubeba wa kulia, akauweka mezani, hadharani, mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Fundi akageuza macho kutazama gazeti lililobandikwa kwenye kabati.

Chiriku akabonyeza. Zoezi likafunguka papo hapo. Mkono wa kwenye skrini ukakunja ngumi.

Vidole vya mzee vikaanza kujivuta, kimoja nyuma ya kingine, vikafika nusu ya njia. Kwa mazoea aliyokuwa ameyapata akaanza kuvikunjua haraka, asiachwe. Halafu akaona. Ngumi ya kwenye skrini ilikuwa bado imekunjwa. Haikwenda popote. Vidole vyake vikasita, vikarudi, vikaongeza kidogo, vikafika kwenye kiganja.

Ngumi ya kwenye skrini ilingoja. Ngumi ya mzee, inatetemeka, ikangoja nayo.

"Kumbe naye anapumzika," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nani alikuwa amemkataza?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Zile picha zilikuwa zinafanana." Sauti ya Chiriku ilikuwa imepungua. "Nilitazama, nikaona hakuna kinachotokea."

Baba aliendelea kuitazama ngumi yake, tone la jasho limesimama juu ya nyusi.

"Na mimi siku zote hizi nimekaa kwenye kile kiti," akasema. "Ulitazama, ukaona nini?"

Chiriku alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yalimjaa, akayaacha.

Mkono wa kwenye skrini ukaanza kukunjuka. "Ngoja, tunatoka," mzee akasema, na vidole vyake vikatoka pamoja nao, vikalala juu ya meza, vikakaa. Akashusha pumzi ndefu ambayo Chiriku hakuwa ameisikia tangu kiharusi.

Fundi alikohoa. Akaliondoa furushi kwapani, akalirudisha juu ya meza ya mlangoni kwa uangalifu, mashina yakiangalia upande ule ule yaliokuwa yanaangalia.

"Mzee, mimi hizi sizichukui."

"Nani kakuambia uzichukue?" baba akasema bila kugeuka. "Ila rangi beba. Zitakauka."

Fundi akacheka, akajifuta uso kwa kiganja, akabeba makopo yake, akaaga. Chiriku akavuta kiti, akakaa kando ya baba yake. Akauweka mkono wake wa kulia mezani pia, karibu na wa baba, ule uliokuwa bado unauma. Kwenye skrini zoezi lilikuwa linarudi mwanzo.

Jikoni mama alikuwa amemaliza kukatakata, akatega sikio. Aliijua nyumba yake, na aliijua siku ambayo binti yake yupo. Akaja mlangoni na kisu chake, na wasiwasi.

"Jamani, mko salama humo?"

Hakuna aliyemjibu. Ngumi zote tatu zilikuwa zimekunjwa, na muda wa kukunjua ulikuwa haujafika.